Kunguru Alipigwa Picha Kabla ya Mwenyekiti

Hezekia mpiga picha alifariki wakati wa masika, mwaka ule Azimio likiwa bado jipya midomoni mwa watu. Mvua ya mwaka ule, niwaambieni, ilinyesha mpaka vyura wa Lushoto wakawa wanajificha chini ya majani ya kabichi wakilalamika kwamba sasa imezidi. Alimwachia mkewe Rahabu kamera kubwa ya mbao yenye miguu mitatu, pazia lililochorwa ngazi za jumba la mfalme gani sijui, na kibanda cha mabati pembeni mwa bustani ya mji. Kibanda chenyewe hakikuwa chake. Kilikuwa cha kamati, na kamati ilikuwa na mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa Mzee Tobia.

Kazi Rahabu aliijua. Watu waliijua sura ya Hezekia, lakini mikono iliyokuwa inaogesha picha kwenye dawa kule gizani ilikuwa ya Rahabu. Na kikohozi kilipombana mumewe, ni Rahabu aliyekuwa akiingia chini ya kile kitambaa cheusi cha kamera na kupiga, Hezekia amesimama pembeni anaongea na wateja kama kawaida. Picha zile watu walizisifu. Hawakujua.

Tatizo lilikuwa kidevu.

Wakati ule mtu hakupigwa picha hivi hivi, kama kuku anayepita. Ulioga, ukavaa, ukakaa kwenye kigoda mikono juu ya magoti. Miguu ilionekana yote miwili, maana ukipeleka kijijini Bungu picha isiyo na miguu, ndugu zako wanauliza umekatwa hospitali ipi. Halafu, mwisho kabisa, mpiga picha anakujia, anakushika kidevu kwa vidole viwili, anakiinua, anakigeuza kidogo kwenye mwanga, anarudi nyuma polepole kama aliyesimamisha yai mezani. Bila hivyo watu walitoka kwenye picha wanatazama matumbo yao.

Sasa niambieni: mzee gani wa Kishambaa, mwenye wake na heshima zake, angekubali kushikwa kidevu na mjane, mchana kweupe, soko zima linatazama? Wanawake wangekuja, lakini mwanamke siku hizo alikwenda kupigwa picha akiwa amesimama nyuma ya mumewe, na mwenye kidevu alikuwa mume. Basi kibanda kikakaa bure. Buibui wakahamia kwenye ngazi za mfalme.

Mzee Tobia akaja, tumbo likitangulia, mwenyewe akilifuata.

"Shikamoo, mghoshi," Rahabu akasema, maana mzee wa heshima Ushambaani ndivyo anavyoitwa.

"Marahaba, mama. Pole tena. Nimekuja kwa upole kabisa." Akakohoa kama mtu anayetaka kuhutubia. "Kibanda hiki ni mali ya wananchi. Tumesema kila mtu afanye kazi. Sasa kibanda kinalala, na Issa na mafundi viatu wenzake wananyeshewa pale sokoni."

"Kazi ipo, mghoshi. Kaa hapo kwenye kigoda, nikupige sasa hivi."

Mzee Tobia akajishika kidevu chake mwenyewe kana kwamba kuna mwizi. "Mimi? Hapana, mama. Mimi nina kikao." Alipofika mlangoni akageuka. "Sabasaba ikifika nisipoona watu hapa, ufunguo anachukua Issa. Sina ubaya na wewe."

Issa hakungoja Sabasaba. Kesho yake akaja na uzi wa kushonea viatu, akaanza kupima ukuta.

"Usiwe na wasiwasi, shemeji. Hilo pazia tutaliacha. Tutaanikia ngozi."

"Pima taratibu, Issa," Rahabu akamwambia. "Uzi huo usije ukakuzunguka shingo, tukakosa fundi tukapata mjane mwingine siku moja."

Alicheka, Rahabu, lakini usiku hakulala. Shamba hakuwa nalo. Kurudi Mgwashi kwa kaka yake, akahesabiwe kila tonge la ugali, hakutaka. Alichokuwa anakijua duniani kilikuwa kile kibanda tu.

Basi siku moja amekaa kizingitini anamtazama Mwanamisi, rafiki yake, aliyekuwa anakaanga maandazi hapo chini ya mkaratusi. Akatua kunguru. Kunguru wa mlimani kwetu mnamjua: mkubwa, mdomo kama shoka, na nyuma ya shingo ana weupe kama kola. Akamtazama Mwanamisi, akatazama karai, akachagua andazi lililoiva vizuri kuliko yote, akaondoka nalo bila haraka.

"Mwizi!" Mwanamisi akapiga kelele. "Umeona? Hata hakimbii! Anatembea kama mkaguzi wa shule!"

Rahabu akainuka kizingitini. Alikuwa anatazama jinsi kunguru alivyosimama juu ya jiwe, kifua mbele, kichwa kimegeuka nusu, jua la asubuhi limempata upande mmoja.

"Mwanamisi," akasema, "yule anajua kupiga pozi kuliko watu wote wa mji huu."

"Mpige yeye basi! Yeye hana kidevu cha kushikwa."

Alisema kwa utani, maskini. Lakini kabla maandazi yale hayajaisha, Rahabu alikuwa amelifunga pazia kati ya mikaratusi miwili ya bustani, ameweka kigoda mbele yake, na kamera mbele ya kigoda. Akaingia chini ya kitambaa cheusi, mkononi ameshika ule mpira wa kubinya unaofyatua kamera. Akakaa kimya.

Mwanzo ulikuwa aibu tupu. Alitoa picha ya kigoda kitupu. Akatoa ya mkia. Akatoa nyingine ambayo Mwanamisi aliitazama sana, akauliza kama ni soksi. Filamu alizoacha Hezekia hazikuwa nyingi, na mjini haikuwepo duka la kuuza nyingine. Kila alipobinya ule mpira alihesabu zilizobaki.

Akabadilisha mwendo. Kwanza, hakutikisika tena. Alikaa chini ya kitambaa kile tangu ukungu haujaondoka mpaka watu wanakwenda kula. Alitulia mpaka kinyonga akampanda mgongoni, akatazama kitambaa, akageuka mweusi. Shomoro jike akaanza kuleta majani makavu ajenge kwenye mkunjo, na Rahabu akalazimika kumnong'oneza, "Si hapa, bibi, hapa ni kazini." Kama huamini, kamuulize kinyonga.

Pili, akajua jambo la mkate. Mwanzo alikuwa anaweka makombo juu ya kigoda, na ndege akifika anainama kula, unapata picha ya mgongo. Akaacha. Akaweka kombo moja dogo kigodani la kumwita, na lingine akaliinua juu ya kijiti, pembeni ya kamera, upande wa mwanga. Ndege hatazami alichokikanyaga. Anatazama kile ambacho bado hajakipata. Shingo inanyooka yenyewe, kichwa kinageuka chenyewe.

Mji mzima ukapita pale ukicheka. "Onga mshi, kitambaa!" walimsalimia Kishambaa. Issa akaja na mafundi wenzake akawaonyesha: "Mnamwona? Mjane anawapanga shomoro. Kesho atawaambia watabasamu."

Rahabu hakutoa kichwa. Akabinya mpira.

Akampata shomoro dume na mkewe, dume ana weusi kifuani kama tai ya karani. Akampata njiwa wa mnara wa kanisa, mnene, amejaza kigoda. Akampata yule ndege mweusi kwa mweupe anayetembea kando ya mto akitikisa mkia. Mwili ukatoka safi, mkia ukatoka moshi. Akampata chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua, kwenye ua, na Rahabu akalia kidogo, maana rangi zote zile za kung'aa ziliingia kwenye picha zikawa kijivu.

Kunguru alikuja wa mwisho. Alikizunguka kigoda kama mtu anayetaka kununua nyumba. Akachungulia nyuma ya pazia, aone zile ngazi zinakwenda wapi. Akaruka juu. Rahabu akainua kijiti chenye kipande cha andazi, taratibu, taratibu. Kunguru akaweka miguu sawa, akanyoosha shingo, akageuka nusu.

Mpira ukabinywa.

Siku ya gulio, siku mbili kabla ya Sabasaba, Rahabu akazipanga picha ukutani nje ya kibanda. Alikaa ndani akimenya viazi.

Wa kwanza kusimama alikuwa mkulima wa Mgwashi na gunia lake la karoti. "Njiwa huyu ninamjua!" akasema. "Ndiye alinichafulia koti siku ya Pasaka!" Wakasimama wawili, wakasimama wanne, mara huwezi kupita. Mwanamisi akajipenyeza mpaka mbele.

"Haya, mwizi wangu huyo! Tazameni alivyojitengeneza! Utadhani anakwenda kuposa."

"Na kola ameivaa."

"Ameivaa nyuma mbele."

"Basi mchungaji huyo, mwacheni."

"Na miguu yote ipo, jamani. Hebu ona, mpaka kucha."

Kicheko kikaenda mpaka stendi. Halafu, mnajua kicheko kinavyokufa, akasikika mama mmoja akimwambia mumewe, "Shomoro amepigwa picha na mkewe. Mimi na wewe tuna nini ukutani?"

Mume akakuna kichwa. Mzee mwingine akanung'unika, "Mimi na mvi zangu zote sina picha. Kunguru anayo. Na ngazi nyuma yake!"

Wakamtazama Rahabu aliyekuwa amesimama sasa mlangoni. Wakatazama vidole vyake. Kila mwanaume pale akavuta kidevu ndani, kama kobe.

"Mna nini?" Rahabu akauliza. "Ni nani kati yenu aliyeniona nimemshika kunguru kidevu?"

Hapo ndipo Mzee Tobia alipofika, ametoka shambani na buti zake za tope. Watu wakampisha. Akaitazama picha ya kunguru kwa muda mrefu. Akamtazama yule mzee mwenye mvi. Akarudi kwa kunguru.

"Rahabu," akasema polepole, "mji una mwenyekiti. Huyu ndiye uliyeanza naye?"

"Nilianza na wewe, mghoshi. Ukasema una kikao."

Mafundi viatu wakaangua kicheko, na Issa akacheka kuliko wote, mpaka Mzee Tobia alipotoa sauti ya mkutanoni: "Leta hicho kigoda!"

Rahabu akajua saa imefika. Picha hii ikiharibika, au akimshika mzee yule kidevu mbele ya gulio zima, hatakaa mtu mwingine kigodani tena na keshokutwa ufunguo ni wa Issa. Na kwenye kamera ilibaki filamu moja.

"Mzee, ngoja!" Ilikuwa sauti ya Issa. Ufundi ulikuwa umeushinda uadui. "Usipigwe na buti hizo, tutachekwa wote! Vaa hivi, nimevimaliza jana." Akapiga magoti, akamvisha Mzee Tobia viatu vyeusi vinavyong'aa mpaka unaona mawingu ndani yake.

Mzee Tobia akakaa. Mikono juu ya magoti. Miguu pamoja. Na kichwa, kama vichwa vyote, kikashuka taratibu kwenda kutazama tumbo.

Rahabu akasogea. Akasogea tena. Akaweka mikono nyuma.

"Mwanamisi," akaita, "nipe andazi la moto."

Akalichoma kwenye kijiti, moshi wake ukipanda, akakichomeka juu pembeni ya kamera, upande wa mwanga. Mzee Tobia alikuwa shambani tangu alfajiri bila chai. Pua ilikwenda kwanza. Kidevu kikafuata. Shingo ikanyooka, kichwa kikageuka nusu, na macho yakatazama juu, mbali, kwa hamu kubwa.

Rahabu akaingia chini ya kitambaa. Akabinya mpira.

Alipoitoa picha ile kwenye dawa na kuileta nje, ikiwa bado inadondoka maji, watu wakasongamana kuitazama. Alikuwa Mzee Tobia, lakini Mzee Tobia wa siku njema. Kifua mbele, viatu vinawaka, macho yanatazama mbele kama anayaona maendeleo ya taifa zima yanapanda barabara ya kutoka Mombo.

"Anaona mbali," mtu akasema.

"Huyu ni kiongozi," akaitikia mwingine.

Mzee Tobia alitaka kusema neno, ila mdomo wake ulikuwa umejaa andazi. Alipomeza akamgeukia Issa. "Fundi, kibanda kina mwenyewe. Wewe weka benchi lako hapa nje. Watu hawa wanatoka shambani pekupeku, watapigwaje picha? Utawaazima viatu."

"Nilishaliona hilo, mzee," Issa akasema. Na kweli, benchi tayari lilikuwa linabebwa.

Sabasaba ile kijani cha bustani hakikuonekana kwa wingi wa watu. Walipanda kutoka Mazinde kwenye lori, wakashuka kutoka Bungu kwa miguu, wazee kwa watoto. Lori hilohilo lilikuwa limembebea Rahabu boksi la filamu kutoka Korogwe, kwa amri ya mwenyekiti. Kijiti kilibadilishwa vitu: kwa wazee ugoro, kwa watoto muwa, kwa wasichana wa kuolewa kioo kidogo. Hakuna kidevu kilichoguswa. Kunguru naye alikuja, akakuta foleni, akapiga kelele sana.

Jioni Rahabu akateremsha ubao wa zamani wa mlangoni, wenye jina la Hezekia, akaubusu, akauweka ndani. Akamwambia Issa, aliyejua kuandika, amchoree mwingine kwa ile rangi nyeusi ya viatu: RAHABU. PICHA ZA NDEGE NA WATU.

Mzee Tobia alipouona akasimama chini yake mikono kiunoni. "Mama, huoni kwamba ingefaa watu watangulie?"

"Ingefaa, mghoshi," Rahabu akasema, akiufuta ubao kwa ncha ya khanga. "Lakini rangi imeshakauka."