Picha yangu kwenye ukurasa wa sabuni

Kuanzia Malaba hadi Busia, hakuna kampuni inayouza kitu bila kunitafuta mimi kwanza.

Ndiyo maana wale wa sabuni walipoandika kwenye ukurasa wao, "Tutumie picha yako, uwe sura yetu," nilijua wananisema mimi. Nikavaa shati langu jeupe, nikasimama mbele ya foleni ya malori, nikatuma.

Leo asubuhi wameiweka. Nikaamsha nyumba nzima!

Binti yangu Athieno akaangalia, akanirudishia simu.

"Baba, soma hapo juu."

Kumbe picha ni mbili. Jamaa mmoja ana shati linalong'aa, wamemwandikia BAADA. Mimi wameniandikia KABLA.

Jamani, Jumamosi watu wanatoka Mukuju kuja kumposa huyu Athieno. Nilishawaambia baba yake ni mtu mkubwa. Saa hiyohiyo mshenga wao akapiga simu.

"Mzee, samahani, huyu wa KABLA ni wewe?"

Nyuma yake nasikia watu wanacheka.

Athieno analia jikoni.

Nimewaandikia wa sabuni waitoe. Wamejibu, "Asante kwa kuwa mmoja wa familia yetu," na moyo mwekundu. Nimeangalia, kila mtu wanamjibu hivyohivyo.

Sasa nyinyi mnaocheka, nisaidieni. Wageni wakija niseme nini? Athieno anataka niseme ukweli tu, kwamba siku ile shati lilikuwa chafu.

Lakini halikuwa chafu.

Nilikuwa nimelifua asubuhi ile, kwa sabuni yao.