Mikono ya Mama Mkwe

Mama mkwe wa Mourine si mtu wa kukumbushwa kunawa. Kila akitoka kugeuza omena, dagaa walioanikwa ufuoni Muhuru Bay, husugua mikono kwa kipande cha sabuni hadi kwenye viwiko, kisha huikausha kwa leso na kumpakata mjukuu. Mtoto ana upele tangu mvua zianze. Hupona akipakwa dawa, halafu unamrudia vidoleni na kwapani. "Humuogeshi vizuri," mama mkwe humwambia Mourine kwa upole, hasa wageni wakiwepo. Daktari wa zahanati alisema wapakwe wote nyumbani siku moja, la sivyo wataambukizana tena. Walipakwa wote isipokuwa mama mkwe.

Jana Mourine alimkuta nyuma ya jiko akijikuna katikati ya vidole kwa gunzi la mahindi, macho ameyafumba, ngozi imechubuka hadi damu.

"Mama, wacha nikupake na wewe."

Akalitupa gunzi, akaificha mikono ndani ya leso. "Hiyo ni ugonjwa ya kwenu. Kwangu hakuna upele."

Kisha akamwita mjukuu, akampakata, akaanza kumkuna mgongo taratibu kwa vidole vilevile.