Somo wa Mama

Jina la mama yangu silitaji hata hapa. Kwetu Malindi mtu hamwiti mzazi wake kwa jina, nami nimezeeka na adabu hiyo. Niseme tu kwamba lilianza na Mwana, kama majina mengi ya wanawake wa rika lake. Usichanani mwake ukiliita kisimani waligeuka wanawake watano. Watu wenye jina moja kwetu huitana somo, na hao walitunzana kanga kila Idi.

Nilipoanza shule, wenzangu wenye majina hayo walikuwa wameshaanza kuyaonea haya. Wakaikata ile Mwana wakabaki na mkia, eti ndio usasa. Baadaye mkia nao ukatupwa. Sasa tumefika kwenye tamthilia za Kituruki: simama mlangoni mwa chuo cha Kurani uite jina la binti yeyote wa sultani, nusu ya watoto wataitika. La mama halina wa kuitika. Masomo wake walikufa mmoja mmoja, akasalia naye bibi mmoja wa Mnarani, ambaye macho yameshamwisha.

Mimi nilijaliwa wana wa kiume tu. Kwa hiyo mwanangu anayekaa Mtwapa alipopata binti, mama alinunua kanga za somo wake bila kumuuliza mtu. Siku ya akika, kabla mtoto hajapewa jina, nikamwambia mwanangu, "Mpe bibi yako somo, baba."

Akacheka. "Mama, na shuleni je? Si watamfanyia mzaha mpaka achukie kusoma?"

Wakampa jina la Kituruki ambalo mama, na mapengo yake, hakuweza kulitamka. Alijaribu, akashindwa, akasema, "Zuri." Kisha akampakata kitukuu chake akamwita Somo, na hakumwita vingine mpaka alipokufa. Mkwe wangu, mtu wa bara, alidhani ni neno la kubembelezea watoto. Mimi iliniuma, na inaniuma hadi leo. Sijapata kumkasirikia mwanangu kama siku ile.

Mama amefariki mwaka huu, mvua za masika zilipokwisha. Matangani yule bibi wa Mnarani aliletwa akishikwa mkono, tukamkalisha mkekani karibu yangu. Kitukuu, ambaye siku hizi hana asilolisema, akamsogelea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Waitwaje?"

"Somo."

Bibi akashtuka. Akaupapasa uso wa mtoto kutoka kwenye paji mpaka kidevuni. "Somo wa nani? Wa marehemu?"

"Ee. Bibi aniita Somo."

Mkwe wangu akafungua mdomo ili asahihishe. Nikamfinya paja, akaufunga.

"Alhamdulillahi," akasema yule bibi, machozi yakimtoka kwenye macho yasiyoona. "Nami n'kidhani nimesalia peke yangu. Kumbe jina letu lipo." Akavua bangili yake ya fedha, akamvisha mtoto. Ikampwaya, ikateleza mpaka kwenye kiwiko. "Akikua itamkaa," akaniambia. "Sasa hata mimi naweza kwenda."

Nikasema inshallah. Kisha nikalia kwa sauti kuliko nilivyolia siku ya maziko, nikashindwa kujizuia. Wanawake wakanishika mabega, wakaniambia nivute subira, mama yangu amepumzika.