Nuru Iliyokwenda kwa Jirani

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Lizaboni yalibadilika mpaka ukajiuliza kama ni mtaa uleule. Tulikuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni, ghafla tukawa tunachagua sabuni ya rangi gani. Redio, saa za ukutani, mitumba, na zile kamera ndogo za kubonyeza ambazo hata mtoto angeweza kupigia picha. Yangu niliivaa shingoni hadi sokoni. Watu walinicheka, na mimi niliwaacha wacheke, maana wakishamaliza kucheka walikuwa wanajipanga wapigwe.

Ubaya wa kamera ile ulikuwa flashi yake, kijitaa cha kutia aibu. Mtu akisimama karibu, sawa. Akirudi nyuma kidogo tu unapata giza lenye meno. Mume wangu, mwalimu wa fizikia aliyeletwa Songea na uhamisho kutoka Moshi, alichoshwa na malalamiko yangu, akanunua flashi kubwa kuukuu kwa mpiga picha aliyekuwa anafunga studio. Kamera yangu haikuwa na mahali pa kuichomeka. Mwenyewe akasema haina haja ya kuchomekwa. Alikuwa amepata na kidude kingine, tulikiita jicho, cha kufunga chini ya ile flashi. Kikiona mwanga wa flashi nyingine tu, papo hapo kinaiwasha na hiyo kubwa. Kwa hiyo mimi nabonyeza huku, kijitaa changu kinamulika, na flashi kubwa kule mkononi mwake inaitikia.

Basi jioni ukawa ndio mchezo wetu. Mimi sebuleni, yeye mlangoni mwa chumba, nyumba nzima inapiga radi. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama wa Kiislamu kutoka Tanga, mke wa muuza nguo, alikuja kuchungulia tumepatwa na nini, akacheka hadi akakaa chini. Naye alikuwa na kamera ndogo, mumewe alimletea kutoka Dubai, na hakuna siku aliyosahau kunikumbusha kwamba ya kwake imetoka Dubai. Mimi nilimwambia Dubai hawajui sura za Wangoni. Tulitaniana hivyo kila tulipokutana bombani. Nazikumbuka sana jioni zile, na kuna siku natamani zirudi hata moja tu.

Mwaka huo mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaweka nadhiri za utawa. Mama yetu, mjane na mkulima wa Mpitimbi, alijua kwamba akishaweka nadhiri wangempeleka misheni ya mbali, huko mikoa ya ziwa, na kumwona tena ingekuwa ni majaliwa. Picha pekee aliyokuwa nayo ya binti huyo ni ya shuleni, darasa zima mbele ya ukuta, kichwa chake kama punje ya ulezi. Nilipokwenda kumsalimia aliniketisha jikoni akanipa togwa, kisha akatoa la moyoni.

“Nataka sura yake,” alisema. “Si kundi la watu. Sura yake yeye, akiwa na shela, niwe naitazama.”

Nikamwambia mama, shaka ondoa. Mdogo wangu naye alipokuja kuaga alikuwa na la kwake. Alimshika mama mikono, akamwambia wazi kwamba akimwona analia siku hiyo, haondoki. Mama akaahidi kwamba chozi lake hatalitoa.

Kanisa lilikuwa na giza la mawingu tangu asubuhi. Kwetu, siku ya nadhiri, mzazi humshika mwanawe mkono hadi mbele. Mtoto hupiga magoti, mzazi humwekea mkono kichwani kumbariki, halafu humkabidhi kwa mama mkuu wa watawa. Padre alikuwa ametangaza kwamba hataki kuona mpiga picha yeyote akipita benchi la kwanza. Haikunisumbua, flashi kubwa tulikuwa nayo ya nini? Nilichuchumaa mwisho wa benchi la kulia, mahali ambapo mdogo wangu akiinua uso ningeuona wote. Mume wangu akajibanza kwenye nguzo ya mbele na flashi yake. Jirani yangu wa Tanga alikuja pia, amejitanda ushungi wake mzuri, kamera ya Dubai mkononi, akakaa upande wa kushoto. Nilifurahi kumwona.

Misa ilipoanza tu nikajua tumekwisha. Jicho lile halikujua mwenye mali ni nani. Nusu ya wageni walikuwa na kamera, na kila aliyebonyeza, flashi yetu ilimwitikia kwa heshima zote. Ikishamulika ilihitaji muda kujaa umeme tena, inalia kama mbu, na muda huo ndio mimi nabonyeza napata kijitaa changu kitupu. Nilichemka. Nilitamani nisimame nizinyang'anye zote. Mume wangu akaona afunike jicho kwa kiganja, akanionyesha kwa kichwa kwamba ataliachia nitakapomwashiria.

Zamu ya mama ikafika. Alitembea wima, mkono wa binti mkononi mwake, akageuka wakatazamana. Mimi nilibaki na mgongo wa mama na shela ya mdogo wangu, ambaye alikuwa amepiga magoti na kuinamisha kichwa. Nikamwashiria mume wangu, akatoa kiganja. Nikasubiri ainue uso. Hapo hapo kanisa likawaka jeupe, na si mimi niliyebonyeza. Mdogo wangu akainua uso, anatabasamu, uso wote ninaouhitaji upo pale mbele yangu. Nikabonyeza. Kijitaa kikamulika peke yake.

Tulikuwa tumepanga kupiga nyingine nje, lakini mvua ilimwagika kabla ya baraka ya mwisho. Dereva wa misheni aliogopa njia itateleza, akawahimiza watawa wapande. Tuliagana barazani tukisukumana, maji yanatumwagikia, na gari likaondoka.

Mkanda uliposafishwa, padre alitoka safi, hata miwani yake ilionekana. Kwaya ilitoka. Mdogo wangu alitoka doa jeupe kwenye weusi. Nililia palepale dukani. Siku hizi watu wanapiga kwa simu, ikiharibika wanaifuta na kurudia, wala hawajui uchungu ule wa kufungua bahasha ukiwa umeshaahidi.

Ajabu ni kwamba watu walikuwa bado wanamsifu mama, jinsi alivyojikaza, mwanamke jiwe. Sisi wa upande wetu tuliona mgongo tu, na haukutikisika. Mimi moyoni ilinikera kidogo. Nikawaza, hata chozi moja, mama?

Ndipo jirani akaja na mkanda wake nao umesafishwa. Hakutania siku hiyo. Alinipa picha moja, akaniambia kwamba yeye alibonyeza tu, nuru ilikuwa ya kwetu. Kweli, kijitaa chake kisingefika kule mbele. Flashi iliyokuwa inijibu mimi ilimjibu yeye, na kwa kuwa alikaa kushoto, ilimwonyesha kile ambacho mimi sikukiona.

Niliipeleka Mpitimbi mwenyewe. Nilimweleza mama kwanza kwamba ile aliyoitaka haikutoka, sura haipo. Akaitikia taratibu, akanyoosha mkono akaipokea hii. Binti yake alikuwa humo ameipa kamera kisogo, shela tupu, kichwa kimeinama chini ya mkono wake. Juu ya shela ndipo ulipo uso wa mama, umemulikwa wote, machozi yamefika kidevuni, mdomo umepinda kama wa mtoto anayenyang'anywa kitu.

Aliitazama muda mrefu. Akasema binti hakuona, maana alikuwa ameinama, na kabla hajainua uso yeye alishajifuta kwa ncha ya kitenge. Nilimwambia kwamba ni picha nzuri, kwamba nitaisafisha nyingine nimtumie mdogo wangu huko aliko, naye awe na sura ya mama yake.

Mama akaigeuza ikalala kifudifudi mapajani.

“Usimpelekee,” alisema. “Akiiona hii atarudi. Na mimi sitamwambia aende tena.”