Shosho Aliyeketi Nyuma ya Friji

Kama utacheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, Kangundo Road, magari yamejaa mbele na nyuma, na sikuwa nimelewa wala kusinzia.

Nina trela. Ni ile ya watalii, yenye kitanda, sinki na friji ndogo, niliyoikuta imezungukwa na nyasi nyuma ya gereji. Watu waliona chuma chakavu. Mimi niliona jiko linalotembea, leo harusi Pumwani, kesho mahafali Kayole. Mama alisema nimeleta nyumbani banda la kuku lenye magurudumu. Nikaiosha, nikaipaka rangi, na hatimaye Bi Rukia wa Majengo, aliyekuwa anamwoza binti yake wa pekee, akaniamini kwa pudini ya maziwa ya wageni wake wote. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Pudini isipofika baridi hulegea na kuchacha, na aibu ingemwangukia mama wa bibi harusi mbele ya wakwe. Baada ya hapo nani angeniita tena?

Shida ilikuwa umeme. Friji hula betri ya trela, na betri hiyo hulishwa njiani na injini ya pikapu ya mjomba inayoivuta, kupitia waya mmoja. Rafiki yangu Kioko, fundi umeme wa magari, aliushika waya ule akacheka.

"Buda, huu ni wa taa za nyuma. Friji inakunywa kwa ndoo, wewe unaijazia kwa kijiko."

"Basi tuweke mnene."

Tukaweka mnene, na fyuzi yake. Akaivuta friji kidogo kutoka ukutani ipumue, maana joto linalotolewa ndani hutokea mgongoni. Tukaigandisha tangu siku moja kabla ya harusi kwa umeme wa nyumbani. Kisha akaniambia, "Injini ikizima, umebaki na betri peke yake, na hiyo betri ni mzee. Haitakungoja."

Nikatoka Komarock alasiri. Mvua ikanikuta njiani, barabara ikafurika, magari yakasimama kabisa. Mshale wa joto la injini ukapanda hadi sikuwa na budi kuizima. Kwenye dashibodi Kioko alikuwa ameniwekea taa ndogo ya betri ya trela, kijani ikiwa sawa, nyekundu ikikaribia kuisha. Adhana ya magharibi ilipokuwa ikilia mahali fulani, taa ikageuka nyekundu. Nikasema moyoni, hata nikiibeba pudini kichwani, itafika.

Hapo ndipo dirisha lilipogongwa. Alikuwa shosho, bibi kizee, amejifunga leso mbili, zote zimelowa.

"Kijana, hicho cha nyuma kinachonguruma ni friji?"

"Ni friji, shosho, lakini inakaribia kunyamaza."

"Mgongo wake una joto?"

"Tena la kutosha."

"Basi nipe nafasi hapo. Nimekaa na baridi siku nyingi. Utanishusha Mathare, pale pa kuteremkia mtoni."

Wewe ungemwambia nini? Nikashuka, nikafungua kufuli, nikampa mkono apande. Niamini, baridi ya kiganja chake haikuwa ya mvua. Ilikuwa baridi iliyotulia, ikaingia hadi mfupani. Nikamwonyesha kitanda. Akakipita, akajiingiza kati ya friji na ukuta, mahali ambapo paka angekwama, akaketi. Nikajiambia ni giza linanichezea macho. Nikafunga, nikarudi kwenye usukani.

Taa ilikuwa kijani.

Injini ilikuwa imezima, kumbuka. Nikaigonga ile taa kwa kidole, ikabaki kijani. Dereva wa lori la pembeni akachungulia nyuma, akaona ukungu mweupe ukitoka kwenye matundu ya trela.

"Boss, umebeba maiti ama barafu?"

"Pudini," nikamjibu, nikapandisha kioo.

Magari yaliposonga nikawasha injini, na njiani Bi Rukia akapiga simu. "Mwanangu, wageni washakaa kitako. U wapi?"

"Juja Road, mama. Nakuja."

"Basi usisimame popote."

Lakini nilikuwa nimempakia mtu kwa ahadi kwamba nitasimama. Pikapu ile ikisimama huzima, na ikizima huringa kuwaka. Nikasimama hata hivyo, pale barabara inapochungulia bonde la Mathare. Ikazima. Nikazunguka nyuma nikasema, "Shosho, tumefika." Kabla sijagusa kufuli, trela ikainuka kwenye springi zake kama gunia limeshushwa.

Nikafungua. Hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa kavu, haina hata tone. Na mgongo wa friji, ambao siku zote hukuchoma ukiugusa, ulikuwa umeganda barafu, na ndani ya barafu kulikuwa na umbo la mtu aliyeegemea.

Kwenye dashibodi, taa nyekundu. Miguu ilitaka kunikimbiza hadi Komarock, lakini pudini ya watu ilikuwa ndani. Nikaibembeleza pikapu, nikaitukana, ikawaka. Nilipofika Majengo, Bi Rukia alionja kijiko kimoja, akafumba macho. "Umenistiri, mwanangu."

Harusi ninazo nyingi sasa. Ila mkono wangu wa kulia, ule niliompa, haujapata joto tangu siku ile. Daktari ameupima akasema damu inapita sawa. Mama huufunga kwa kitambaa cha maji moto, kitambaa hupoa. Mtoto wa dada yangu nikimshika kwa mkono huo hulia hadi nimwache, kwa hiyo nimejifunza kumbeba kwa mkono wa kushoto. Kioko ananiomba niache njia ya Mathare. Siachi, na pengo nyuma ya friji sijaliziba.

Wewe unayevuta chochote chenye friji, siku ya mvua akitokea mtu akakuomba joto, usimnyime. Mfungulie mlango, kisha weka mikono mfukoni, umwache apande mwenyewe.