Sauti ya Anselmi Katika Mchezo wa Jumapili

Juzi wajukuu zangu waligombana mbele ya televisheni hadi mmoja akasusa chakula. Ati sehemu gani ya tamthilia ilikuwa tamu kuliko zote mwaka huu, na ipi ilikuwa mbovu. Nikawaambia nyamazeni huko, nyinyi kugombania mchezo hamkujui. Mwaka wa sabini na tisa, hapa Kidete, televisheni hatukuijua hata kwa ndoto. Tulikuwa na redio moja, ya duka la ushirika, na mchezo wa kuigiza kila Jumapili saa tisa alasiri. Na mchezo huo nusura upasue kijiji.

Uliitwa Ukuta Mmoja. Ulihusu wapangaji wa nyumba moja ya Dar es Salaam waliokuwa wakisikiliza mambo ya wenzao ukutani. Hezekia, muuza duka, alianika betri juani tangu asubuhi ili zipate nguvu, huku akitutishia kwamba atakayemuudhi atamkosesha kila mtu mchezo. Tulikaa barazani, wanaume upande wa mizani, wanawake chini kwenye magunia, na mchezo ukiisha ndipo mabishano yanaanza. Mimi Verdiana kwa maneno sishindwi na mtu. Nilisema, na bado nasema, sehemu tamu kuliko zote mwaka ule ni ile Bi Siti alipomfungia mjumbe wa nyumba kumi chooni akaenda zake sokoni na ufunguo. Mbovu kuliko zote ni ile ya samadi. Nusu saa nzima bwana shamba anaeleza samadi, hakuna hata mtu mmoja aliyetukanwa! Jumapili yangu iliharibika kabisa.

Ila iko moja ambayo mpaka leo hakuna anayethubutu kusema ilikuwa nzuri au mbaya. Ndiyo hiyo ya mama Filomena.

Filomena alikuwa jirani yangu; kati ya nyumba yake na yangu palikuwa na mihogo tu. Mwanamke wa milimani, mfupi, mkavu, mwenye mikono isiyojua kutulia. Aliteremshwa bondeni pamoja nasi wakati wa Operesheni Vijiji, akaja na jiwe lake la kusagia kichwani kwa sababu hakumwamini mtu wa lori. Alizaa watoto wanne akabakiwa na mmoja, Anselmi. Huyo Anselmi! Sura nzuri, ulimi mwepesi, na kumwigiza mtu ndiyo ilikuwa kazi yake: katekista, karani wa stesheni, hata mbuzi wa jirani. Alimuoa Selestina, akakaa naye mwaka mmoja na kitu, akapanda treni kwenda Dar kutafuta kazi. Halafu kimya. Baadaye akashuka stesheni bwana mmoja, Marko, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja huko, amebeba koti la Anselmi na begi lake. Akasema Anselmi aliugua homa, amekufa, wamekwisha kumzika huko huko. Tukalia. Filomena akanyoa nywele, akala kwa kulazimishwa. Padri akasoma misa ya marehemu. Marko akaendelea na safari zake, hatukumwona tena.

Selestina angeweza kurudi kwao Zombo. Hakurudi. Alibaki na mama mkwe wake, wakalima shamba moja na kula sahani moja, na Filomena alipougua macho ni Selestina aliyemshika mkono mpaka hospitali Kilosa. Ikapita miaka minne. Ndipo Rafaeli, kijana wa gengi ya watengeneza reli, mpole hadi anaudhi, akatuma watu kuposa. Unajua nani aliwapokea wale washenga? Filomena mwenyewe! Akawaambia, "Binti yangu bado kijana, asije akazeeka na mimi." Nilimpenda siku hiyo, ingawa sikumwambia.

Tangazo la ndoa, ambalo husomwa Jumapili tatu, likasomwa kanisani Jumapili ya kwanza. Likasomwa ya pili. Mwenye kujua kizuizi aseme. Nani angesema? Tulitoka nje tunapangiana nani atatwanga mpunga na nani ataleta kuni.

Alasiri ya Jumapili hiyo ya pili, katika Ukuta Mmoja akahamia mpangaji mpya, fundi cherehani, Fundi Mapande. Akabisha hodi, akacheka, kisha akasema, "Salale, na kuku wake!"

Hayo hayakuwa maneno ya Dar. Hayakuwa maneno ya mtu yeyote duniani isipokuwa Anselmi. Aliyabuni akiwa darasa la tatu, na mwalimu alimchapa kwa maneno hayo. Na kile kicheko, cha kuvuta pumzi kwa ndani kama mtu aliyeungua na chai! Filomena akasimama, kitenge kikamdondoka, akapiga ukelele: "Mwanangu! Mwanangu yuko hai!"

Yesu na Maria. Utasema nini hapo? Wengine walipiga vigelegele, wengine walijiziba midomo. Mimi nilimtazama Selestina. Alikuwa amekaa vile vile, ungo mapajani, anachambua mchele. Alikuwa anatupa mchele na kubakiza mawe.

Wiki ile ilikuwa balaa. Filomena alichinja jogoo, akatugawia majirani, anaimba njia nzima. Jumatatu asubuhi alikuwa kwa Padri Nikolaus.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba. Nimeleta kizuizi. Mume wa Selestina yuko hai, nimemsikia kwa masikio yangu."

Padri akashika kichwa. Alikuwa mtu wa vitabu, michezo ya redio hakuisikiliza. Selestina naye akawa anamwambia mkwewe kwa upole, "Mama, sauti hufanana."

"Sauti hufanana, haya. Na kuku wake je?"

Wakaanza kupika kila mtu jiko lake, ndani ya nyumba ile ile moja. Usiniulize yupi alikuwa na haki. Mmoja alitaka mtoto wake awe hai, mwingine alitaka kuishi, na hayo mawili hayangeweza kupatikana pamoja. Rafaeli je? Alipita mbele ya nyumba yao na koleo begani bila kugeuza shingo. Ningemzaba kofi! Unanyang'anywa mke mchana kweupe, wewe unakwenda kukaza reli?

Padri akaamua. Tangazo la tatu lisimame kwanza, na Jumapili baada ya misa atakuja barazani asikilize mwenyewe.

Siku hiyo walikuja mpaka Waislamu wa kambi ya reli. Hezekia aliweka betri mpya kabisa, kitu ambacho hakuwahi kukifanya hata siku ya Saba Saba. Filomena alikaa mbele, kavaa gauni lake la Pasaka, kajipaka mafuta mpaka magotini. Padri alipewa kiti. Selestina alikaa nyuma yangu, na nilisikia anavyopumua.

Muziki ukapigwa. Fundi Mapande akaingia, anamtongoza Bi Siti.

"Ndiye," Filomena akamnong'oneza Padri, anatabasamu. "Msikie huyo."

Bi Siti akamuuliza fundi, "Na wewe, huko bara kwenu hukuacha mke?"

Fundi akakohoa kidogo. "Nilikuwa naye, Bi Siti. Mto Mkondoa ulifurika, ukamchukua. Yeye na mama yangu mzazi, siku moja. Sina mtu tena huko. Hata kaburi la kupalilia sina."

Mkondoa, mto wetu wa hapa bondeni! Nani Dar es Salaam anaujua Mkondoa? Mtunzi gani angeuandika? Bi Siti akaanza kulia kule redioni, akamwambia maskini fundi, kesho njoo ule kwangu. Akaondoka. Na yule fundi, alipobaki peke yake chumbani, akacheka. Kile kile kicheko cha kuvuta pumzi. "Salale, na kuku wake! Kanasa!"

Hezekia akazima redio bila kuambiwa. Jamani, nimezika wazazi, nimezika mume, nimeona mafuriko yakipita ndani ya nyumba yangu, lakini butwaa la namna ile sijalipata tena.

Selestina ndiye aliyesema kwanza. "Ni yeye, Mama. Nilimjua tangu siku ile ya kwanza. Niliogopa tu. Unisamehe." Kisha akamgeukia Padri. "Baba, futa tangazo."

Rafaeli alikuwa amesimama kando ya nguzo, kofia mkononi, machozi yanamtoka mbele za watu wote. Nikajuta kumwita mpole.

Padri akainama. "Mama Filomena, umesikia. Ndiye?"

Filomena alikuwa anaitazama ile redio iliyozimwa. Nilidhani ataanguka, nikasogea nimdake. Akainuka mwenyewe, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni.

"Siye," akasema.

"Mama, wiki nzima umekuwa ukiniambia..."

"Nilikosea. Ni uzee. Mwanangu Anselmi alikufa Dar es Salaam kwa homa, koti lake ninalo ndani. Angekuwa hai asingemzika mama yake huku anacheka." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Mikono ndiyo aliyoificha chini ya kitenge. "Mimi ndiye niliyemzaa, Baba. Yuko hapa mtu anayemjua kuliko mimi?"

Akamgeukia tena Padri.

"Basi soma tangazo lako. Huyu ndiye mtoto niliyebakiwa naye, nataka aolewe nikiwa hai."

Akaja nyuma yangu, akamshika Selestina mkono, akamnyanyua kutoka kwenye gunia, wakaondoka pamoja.

Jumapili iliyofuata Padri Nikolaus alisoma tangazo la tatu. Aliposema mwenye kujua kizuizi aseme, alitutazama benchi kwa benchi. Kanisa zima tulimjua Anselmi tangu anatambaa. Hakuna aliyefungua mdomo.