Anemoni Niliyemwacha

Mume wangu alipofariki, aliniachia hapa Kolwezi tangi lake la samaki wa baharini. Anemoni, vinyama vinavyofanana na maua, walikuwa wamezagaa kwenye mawe wakichoma matumbawe yake. Niliwakwangua kwa kisu. Baada ya wiki mbili wakawa wengi kuliko mwanzo, nikampigia simu muuza samaki wa tangi, aliyeko Lubumbashi.

"Mama, usikate! Kila kipande kitakuwa ingine. Koroga chokaa, uwapige sindano mu kinywa."

Nimekuwa muuguzi miaka mingi; nikachukua sindano, nikawadunga. Walinywea mmoja mmoja. Wa mwisho alitanua vidole vyake niliposogelea kioo. Nyumba nzima hakuna mwingine aliyenipokea. Nikaweka sindano chini.

Kesho yake muuzaji akapiga kuuliza kama wamekwisha. "Bimeisha, mama?"

"Bimeisha, baba," nikamjibu.